Mstari Uliopita Kiwanjani kwa Tusekile

Siku ya soko, kuvuka barabara kuu pale Mbeya kulitaka moyo. Barabara ile ya kwenda Rhodesia ilikatwa katikati ya kilima, kingo zake zikasimama kama kuta, na malori ya kahawa na mafuta yaliteremka humo bila kupunguza mwendo. Watu wa mtaa wa juu walishuka ukingo mmoja na mizigo kichwani, wakakimbia, wakakwea ukingo wa pili. Wenye baiskeli walizibeba begani.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akivuka Tusekile, binti wa mzee Andendekisye, asubuhi moja ya mwaka 1956, baiskeli begani na robota la nguo alizoshona likining'inia kwenye keria. Katikati ya barabara kamba ikakatika. Magauni yakamwagika vumbini, na honi ikalia kutoka juu kilimani.

Kijana mmoja akaruka barabarani, akasimama wima na kibendera chekundu mkononi. Lori likasimama likitoa moshi. Dereva alitukana mpaka akachoka, na muda wote huo yule kijana alikuwa amechuchumaa akimsaidia Tusekile kuokota. Alikuwa mrefu, mwembamba, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ikanyooka, soksi zimevutwa hadi magotini. Cha mwisho alichookota ni shumizi jeupe lenye lesi. Akampa akiwa ameangalia pembeni.

"Umeliona, basi usilitangaze," Tusekile alimwambia.

"Mimi napima barabara tu, dada. Mengine siyaandiki."

Jina lake lilikuwa Liberatus Kalinga, Mhehe wa Iringa, msaidizi wa mpimaji katika idara ya ujenzi. Alimweleza kwamba serikali ilikuwa inapanga daraja la kutoka ukingo hadi ukingo, watu na baiskeli wapite juu, malori yapite chini. Tusekile alimwuliza kama kweli ataliona au ni maneno ya kuwapoza wanawake. Liberatus akamwambia apite tena kesho aone kazi ilipofika. Akapita.

Baadaye simu zikaanza kulia kwenye zahanati ya misheni, jirani na kwao, ambako Ikupa, rafiki yake Tusekile, alikuwa mkunga. Ikupa alitoka mlangoni na kumwita huku akicheka, maana Liberatus kila mara alijifanya anauliza bei ya kushona suruali. Suruali zenyewe hazikuletwa hata moja. Tusekile alimtania kwa ugali wao wa Iringa, naye akamrudishia kwa ndizi za Wanyakyusa, na mzee Andendekisye, aliyekuwa mzee wa kanisa la Moraviani, alijifanya haoni, ingawa alijua kijana ni Mkatoliki.

Jambo moja Tusekile alilishika kuliko yote. Baba yake alikuwa amempa, mbele ya ukoo, kiwanja cha ukingoni kinachotazama soko, ajenge banda lake la ushonaji. Mawe ya msingi alikuwa amekwisha kuyakusanya. Wakati wa mavuno ya mpunga alikwenda Chimala kushona, maana wakulima wakivuna hununua nguo. Liberatus ndiye aliyemfungia cherehani juu ya basi, na siku hiyo alikuwa na maneno machache.

Aliporudi, akakuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepita katikati ya kiwanja chake. Mawe yamesukumwa kando. Jirani akamwambia aliyepigilia ni yule Mhehe wake.

Tusekile alivua viatu vya safari, akaenda kambini kwa wapimaji pekupeku.

"Ulijua?"

"Nilijua," Liberatus alisema.

"Kabla sijaenda Chimala?"

"Kabla."

"Ukanifungia mizigo, ukanisindikiza, ukanyamaza."

"Kuna neno si langu kulisema, Tusekile."

"Basi usiseme kabisa. Wala usinipigie."

Haukupita muda Liberatus akahamishiwa Iringa. Alipiga simu zahanati, Ikupa akatoka mlangoni kuita, na Tusekile akasema aambiwe yeye hayupo. Alipiga tena, na tena. Mwishowe simu ikanyamaza, na ukimya ule ukamuuma Tusekile kuliko vigingi.

Mwaka uliotangulia lori lilikuwa limemgonga mama yake nyonga palepale barabarani, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Jumapili moja mama alitaka kwenda kusalimia ndugu zake ng'ambo ya barabara, akashindwa kushuka ukingo, akarudi analia. Tusekile akasema kwa uchungu kwamba watu wa daraja wanajua kuchukua viwanja tu.

Baba yake akaweka chini kikombe.

"Kiwanja nilikitoa mimi, mwanangu."

Akamweleza. Wapimaji walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ngazi, kwenye ardhi ya serikali, ambazo mama yake asingeweza kuzipanda wala baiskeli isingepita. Ya pili ilikuwa mteremko wa taratibu, na mteremko ulihitaji kiwanja chao. Liberatus hakutaka kupigilia hata kigingi kimoja mpaka Tusekile aambiwe. Mzee ndiye aliyemwapisha anyamaze, akisema atamwambia bintiye mwenyewe.

"Kisha nikaogopa," alisema. "Kumnyang'anya mtoto ulichompa mbele ya ukoo si jambo jepesi. Nikamwacha kijana wa watu aubebe mzigo huo."

Tusekile alimkasirikia baba yake. Akajikasirikia na mwenyewe. Lakini hakumsamehe Liberatus yote, kwa kuwa kati ya mzee na Tusekile, kijana alikuwa amemchagua mzee.

Asubuhi alikwenda Posta, akaomba aunganishwe na ofisi ya ujenzi Iringa.

"Tata amesema," alianza, bila salamu, akimtaja baba yake kwa Kinyakyusa.

Simu ilikoroma. "Amesema yote?"

"Yote. Ungeniambia ningenuna wiki moja. Umenyamaza, nimenuna msimu mzima."

"Niliapa, Tusekile."

"Nakuja huko. Haya si ya kusema hapa, Posta nzima imetega masikio."

Alishuka Iringa jioni, gauni lake la bluu lenye kola nyeupe limegeuka rangi ya udongo, baridi imemshika. Liberatus alikuwa stendi, na koti alilolileta akamvisha mabegani. Walisimama bila kugusana, kama watu waliolelewa vizuri.

Liberatus alimwomba radhi, na hakujitetea. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka kuwatuma wazee wake Mbeya, akikubaliwa.

"Watume," Tusekile alisema. "Ya makanisa wazee watayazungumza. Langu ni hili: mstari wowote unaopita kwangu, nauona mimi kwanza. Hata baba akikuapisha."

"Nimekubali."

Liberatus alijikuna shingo. "Basi lipo la leo, na hakuna mwingine niliyemwambia. Mpango wa daraja umepitishwa, mteremko na yote. Wananituma Mgololo kusimamia upasuaji wa mbao zake. Ni msituni kabisa. Nitakaa kwenye hema, na mke wangu, nikiwa naye, atakaa kwenye hema."

Tusekile alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akifikiri.

"Hao wapasua mbao wanavaa nguo?"

"Wanavaa. Zote zimechanika."

"Hiyo si habari mbaya," alisema, akampa mfuko wake aubebe. Wakaanza kupanda kilima kwenda kwa shangazi yake Liberatus, alikotayarishiwa kitanda.