Ubao Ulioandikwa Usifute

Mwili wa mwalimu mkuu ulikutwa Jumatatu asubuhi katika chumba cha darasa la saba. Ulilala kifudifudi chini ya ubao, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni. Aliyeukuta ni mama mfagiaji. Ndoo yake ilikuwa bado imepinduka kizingitini Inspekta alipofika.

Inspekta huyu alikuwa mzito wa mwili na mzito zaidi wa kuamua. Kituoni walimwita Taratibu, naye aliichukua kuwa sifa. Alipenda kusema hajawahi kumwachia mtu halafu akaja kujuta. Wangapi walijuta kwa sababu aliwashikilia, hilo hakulihesabu.

"Kapigwa na nini?"

"Hii hapa, afande." Sajini alielekeza kidole chini ya dawati la mbele, ilipokuwa kengele ya mkono, ya shaba. "Mpini umefutwa. Kwenye ukingo kuna damu na nywele."

Daktari wa polisi aliinuka akipangusa magoti. "Pigo moja, kisogoni. Fuvu limepasuka. Amekufa jana jioni, jua halijazama."

"Kengele ni ya nani?"

"Ya mwenyewe marehemu," mama mfagiaji alijibu kutoka koridoni. "Alikuwa haiachi. Hata Jumapili akija kukagua madarasa, yuko nayo. Tulikuwa tunamtania kwamba atazikwa nayo." Aliposikia alichokisema akajifunika mdomo kwa kanga.

Inspekta alitazama ubao. Ulikuwa umefutwa kwa kitambaa chenye maji, ukang'aa kuliko kitu chochote mle ndani.

"Nani amefuta?"

"Si mimi. Jana ubao huo ulikuwa umejaa kazi ya mwalimu wa hesabu, na pembeni kaandika Usifute. Mimi na kichwa changu nifute?"

Hapa lazima nieleze, kwa ambaye hajawahi kufundisha. Katika shule ile mwalimu angeweza kuazima kiti chako asirudishe, akanywa chai yako na bado akakusengenya. Lakini ubao ulioandikwa Usifute haukuguswa na mtu. Watu walifundisha siku nzima kwa mdomo, chaki mfukoni, kwa sababu mwenzao alisahau kufuta.

"Kwa hiyo nani angeweza kuufuta?"

"Aliyeandika tu, baba. Nani mwingine?"

Inspekta aliliandika jibu hilo na kulipigia mstari. Lilimkaa vizuri kichwani, na kikishakaa kitu pale, kukitoa ilikuwa kazi.

Mwalimu wa hesabu alikuwa chumba cha walimu, ameketi na mumewe. Mwanamke mfupi sana, mkavu, macho makali. Wanafunzi walimwita Nukta. Mume, mwalimu wa jiografia, alikuwa mrefu kiasi kwamba magoti yake hayakuingia chini ya meza, na yeye walimwita Mlingoti. Wakipita uwanjani pamoja, watoto walisema hiyo hapo alama ya mshangao inapita. Wenyewe walijua, na Nukta alikuwa akicheka.

Siku hiyo hakucheka. Inspekta alimtoa mume nje, akafunga mlango.

"Kazi iliyokuwa ubaoni ni yako?"

"Yangu. Ni somo langu la usaili. Nilitaka leo nilijaribu kwa watoto, maana kesho saa nne niko chuoni."

"Usaili wa nini?"

"Shahada ya uzamili ya elimu."

Alilitamka kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Chuo kilitenga nafasi moja kwa mwaka kwa mwalimu aliye kazini. Mwombaji alisimama mbele ya jopo akafundisha somo zima, hai, na asubuhi hiyohiyo jopo lilimpigia simu mkuu wake wa kazi kumuuliza habari zake. Walitaka kumsikia kwa sauti yake, karatasi hawakuziamini. Kesho ilikuwa mara yake ya nne, na ya mwisho. Mwakani angepita umri unaokubaliwa.

"Mara tatu nimefundisha mpaka jopo likapiga makofi," Nukta alisema. "Mara tatu nimekataliwa. Mwaka jana mmoja wao akaninong'oneza. Akasema, mama, somo lako halina tatizo. Tatizo ni bosi wako."

"Jana ulimwambia nini bosi wako?"

Alitazama mlango uliofungwa.

"Mlinzi wa shule amesikia, mwalimu."

"Nilimwambia akinibania safari hii atanitambua."

"Naye?"

"Alinitazama tu. Akasema, 'Mwanangu, safari hii nitasema kweli.' Sikumwamini. Nikaondoka, nikatembea na hasira zangu mpaka giza."

"Ubao ukauachaje?"

"Umejaa. Ningefuta kwa nini? Nimeuandika kutwa nzima."

Inspekta alifunga daftari taratibu. Kwake hilo lilikuwa swali zuri, na mwenye kulijibu alikuwa mbele yake.

Koridoni, Mlingoti alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kikikaribia taa.

"Jana mkeo alirudi saa ngapi?"

"Sipendi kusema, afande. Ni mke wangu."

"Sema."

"Alirudi giza limeshaingia. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kunawa mikono. Alinawa sana."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nasahihisha madaftari."

"Haya. Tunamchukua."

"Mtamweka mpaka lini?"

"Mpaka nijiridhishe."

"Nauliza kwa sababu kesho ana usaili," Mlingoti alisema, akainamisha kichwa. Inspekta alimwonea huruma. Mume mwema, aliwaza.

Usiku ule Nukta hakulala wala hakulia. Alimwita sajini kwenye nondo, akamwambia polepole, kama anavyomwelewesha mtoto mgumu wa kuelewa. "Nipelekeni na pingu. Nitafundisha na pingu, sioni haya. Nikimaliza mnirudishe mnifunge."

Sajini aliupeleka ujumbe kama ulivyo. "Afande, mwanamke kama huyu atakimbilia wapi? Tumsindikize tu."

"Tusiende kwa pupa," Inspekta alijibu. "Kesho tutaona."

Jumanne asubuhi simu ya marehemu, iliyokuwa ndani ya mfuko wa vielelezo juu ya meza, iliita. Inspekta aliipokea.

"Shikamoo, mkuu," ilisema sauti ya mwanamke. "Ni mratibu wa usaili, chuoni. Tunakupigia kama tulivyoahidiana."

"Mwenye simu ameuawa. Hapa ni polisi."



"Maskini. Ijumaa tu alinipigia yeye mwenyewe. Alisema ana mzigo anataka kuutua."

"Mzigo gani?"

"Miaka yote ile alituambia mwombaji ana kifafa. Kwamba huanguka darasani, na tukimchukua tutamwua. Ijumaa akasema hakuwahi kumwona akianguka hata mara moja. Aliambiwa."

"Na nani?"

"Na mume wake. Alimwendea analia, akamwomba amsitiri mkewe asije akaaibika mbele za watu. Naye mzee wa watu akaamini. Sasa amekutana na daktari anayewapima walimu, akamdokeza hali ya mwombaji, daktari akamshangaa. Alisema ataongea na mume kwanza, halafu leo atengue kauli yake mbele ya jopo."

Inspekta alihisi kitu kikichomoka kichwani mwake, na kiliuma.

"Usaili unaweza kuahirishwa?"

"Hauwezi. Wenzake wawili wako hapa. Akifika saa nne anafundisha, na maneno ya Ijumaa nitayafikisha mimi. Asipofika, imekula kwake."

Alishuka mahabusu na sajini nyuma yake. Nukta alisimama kabla hajaitwa.

"Mwalimu, una kifafa?"

"Nina nini?"

"Umewahi kuanguka?"

"Nianguke wapi? Nani kasema?"

Inspekta alimtoa, akamsimamisha mbele ya ubao wa zamu ukutani, akampa kitambaa. "Futa. Kama unavyofuta darasani."

Alifuta upesi, kulia na kushoto. Juu ilibaki kanda pana ya maandishi ambayo mkono wake haukuifikia hata aliposimama kwa vidole vya miguu.

"Huku juu?"

"Huku juu nani anafika? Darasani nina kigoda changu cha kuandikia. Ijumaa kimevunjika mguu, fundi amekichukua. Juzi nimeandikia chini tu, juu nimeacha tarehe ya wiki iliyopita."

Sajini alishusha pumzi. "Afande, ubao ule ulikuwa safi mpaka kwenye fremu. Na viti na madawati yote tulivikagua, hakuna kilichokanyagwa."

Inspekta alisimama pale akijiona mjinga, na alikuwa mjinga kweli. Mama mfagiaji alisema mwandishi tu ndiye anayefuta. Hakufikiria kwamba yupo mtu mmoja mwingine asiyeogopa Usifute ya mwanamke yule, mtu anayelala naye kitanda kimoja.

"Ni saa ngapi?" Nukta aliuliza.

"Saa tatu na kitu."

"Nitafika. Nipe gari nitafika."

Sajini alikuwa ameshashika funguo za gari. Hapo ndipo Taratibu alipokuwa Taratibu. Ubao ni ubao, alijisemea. Na maneno ya mratibu ni maneno ya simu tu. Akimwachia, kisha ikaonekana walipanga pamoja mke na mume, atamweleza nini mkubwa wake?

"Mrudishe ndani," alisema. "Nipate kielelezo kimoja tu. Nikijiridhisha nakutoa mimi mwenyewe."

Nukta alimtazama muda mrefu. Hakubishana. Alirudi ndani kwa miguu yake.

Mtaalamu wa alama za vidole alipandishwa kwenye ngazi katika chumba cha darasa la saba. Juu ya fremu, mahali ambapo mtu mrefu hujishikiza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukifuta, palikuwa na alama ya kidole gumba. Ilikuwa imepigwa juu ya damu mbichi, ikakauka nayo. Kulinganisha kulichukua muda, kwa kuwa Inspekta alitaka kulinganishwe mara mbili.

Adhuhuri Mlingoti aliketi mbele yake, magoti yamegota kwenye meza.

"Gumba hili ni lako."

"Nafundisha pale. Nagusa kila kitu."

"Juu ya damu ya marehemu?"

Mlingoti alitazama mikono yake.

"Mwalimu mkuu alikuita, au ulimfuata?"

"Aliniita. Alisema nikutane naye darasani, mke wangu akishaondoka." Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya mtu anayesoma mahudhurio. "Alisema anajua nilimdanganya. Kwamba Jumanne atawaambia chuo, na Jumatano atamwambia mke wangu. Nilimwomba. Nilipiga magoti, afande, mtu mzima na ndevu zangu. Akasema atafunga darasa, tutaongea kesho. Akaweka kengele juu ya dawati atafute funguo. Akanipa mgongo."

"Ubao uliufuta wa nini?"

"Damu ilikuwa imeruka. Ningefuta ile sehemu tu, ingeonekana. Nikafuta wote. Lilikuwa somo zuri. Hesabu za sehemu, kwa kutumia vipande vya kamba. Mimi nisingeweza kulifikiria."

"Na mkeo ukamtia mdomoni mwa mamba. Ati alinawa sana."

"Alinawa chaki. Kila siku ananawa."

"Kwa nini umfanyie hivyo, miaka yote?"

Mlingoti alijibu bila kumtazama.

"Mimi ndiye niliyeomba kwanza. Yeye hajui. Nilisimama mbele ya jopo lile, maneno yakanipotea yote. Nilishika chaki mkononi mpaka ikavunjika. Wakaniambia, mwalimu, kaa tu, pole. Wale watu walinionea huruma, afande. Nikarudi nyumbani nikasema nafasi zilijaa. Mwaka uliofuata akaenda yeye, wakampigia makofi. Alirudi anacheka, ananionyesha alivyofundisha, jikoni, na mwiko mkononi. Nikaona akienda huko atajua. Atakaa na wale wale, watamwambia. Na hata wasipomwambia, atakuwa amenipita, atanitazama kama wao walivyonitazama. Nilitaka abaki tu. Sikutaka kingine."

Sajini aliacha kuandika.

"Usaili ulikuwa saa nne," Mlingoti alisema. "Alikwenda?"

Inspekta alitamani sana kumdanganya. "Hakwenda."

Yule mtu mrefu alifumba macho. Mabega yake yakalegea, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu juzi, ukatulia.

"Asante, afande," alisema.

Inspekta alitoka. Alipiga simu chuoni, akajitambulisha kwa cheo chake chote, akaeleza, akaomba, hata akapandisha sauti. Mratibu alimsikiliza mpaka mwisho. Nafasi imeshatolewa, alisema. Ni sheria, pole sana.

Alikwenda kufungua mahabusu mwenyewe, kama alivyoahidi. Nukta alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu haifiki chini.

"Ni mumeo," Inspekta alisema. "Amekiri. Ndiye aliyemwambia mkuu kwamba unaanguka. Kila mwaka."

Aliyasikia yote bila kupepesa. Kisha akauliza, "Imeshapita?"

"Imepita. Nimewapigia. Nimejaribu."

"Umejaribu."

"Uko huru, mwalimu. Gari lipo nje. Nikupeleke nyumbani?"

Alifikiria kidogo neno lile, nyumbani.

"Leo darasa la saba wana vipindi viwili vya hesabu," alisema. "Nani amewashika?"

"Shule imefungwa."

"Ahaa," Nukta alisema. Aliteremka kwenye benchi, akafika mpaka kwenye mlango uliokuwa wazi, akatazama korido. Halafu akarudi, akakaa palepale alipokuwa.