Majani ya Maabara

Fundi cherehani alikuwa hoi. Macho yake yalikuwa ya manjano. Hata kukanyaga cherehani kulimshinda. Mkewe alishona nguo za wateja, alipika, alifua, kisha alisimama jikoni akichemsha majani. Uchovu ulikuwa umemwingia mpaka kwenye mifupa.

Habari za majani alizipata kwa wifi yake, dada wa fundi, anayefanya kazi maabara. Wifi alisema, "Kuna majani tunayapima, kama yale yaliyo nyuma ya nyumba yenu. Huenda yanalinda ini." Mke hakusubiri neno la pili. Aliyachuma nyuma ya nyumba, akayachemsha mpaka maji yakawa mazito na meusi. Aliamini yakiwa mazito ndiyo yana nguvu.

Jumamosi wifi alikuja kumwona kaka yake. Akaona sufuria.

"Wifi, unapika nini?"

"Si ni yale majani uliyoniambia! Anakunywa asubuhi na jioni."

Wifi akavuta kigoda, akakaa.

"Hukunipa nafasi nimalize. Sisi tunayakausha, tunayasaga, tunayaloweka kwenye spiriti, tunachuja. Kinachobaki tunakipima kwa mizani, tunawapa panya. Kisha tunawapa sumu inayoumiza ini. Waliopata dawa kidogo, ini lao lilihimili. Waliopata nyingi, ini liliharibika zaidi."

"Na watu?"

"Kwa watu bado hatujui. Hatujafika huko."

Mke akazima jiko. "Kwa hiyo namuua mume wangu."

"Sijasema hivyo. Twende hospitali sasa hivi. Beba na majani, daktari ayaone."

Sauti ya fundi ikatoka chumbani. "Mkimaliza kunizika, mniletee shati la kwendea hospitali."

Hawakucheka. Walikuwa wamechoka mno.

Daktari alipima damu. Ilikuwa homa ya ini.

"Ini linaumwa, nanyi mnalitwisha mzigo mwingine," alisema. "Acheni majani. Asinywe pombe, wala dawa yoyote bila kuniuliza. Apumzike, arudi tupime tena."

Walifuata. Kila kipimo kilikuja na nafuu kidogo, na macho yakarudi kuwa meupe.

Siku moja jirani akabisha hodi.

"Mama, nasikia mzee amepona kwa majani. Nigawie, mwanangu ana macho ya manjano."

Mke wa fundi alikuwa ndiyo kwanza amejilaza. Mgongo ulimuuma. Akainuka taratibu, akatafuta viatu.

"Alipona tulipoyaacha," alisema. "Mchukue mtoto. Nawapeleka hospitali."