Gramu Si Mililita

Nyawira alitoka kiwandani Jumamosi mchana, miguu ikimuuma. Alikuwa amesimama tangu asubuhi akipanga mikebe ya nanasi. Alitamani kulala, lakini nyumbani kwake, mtaa wa Landless, kazi nyingine ilimngoja.

Kesho yake watu wa kanisa wangekuja kumshukuru Mungu pamoja nao. Mama yake, Beth, alikuwa ametoka hospitali. Mama alikuwa amekonda sana. Kila chakula alikionja tu, kisha akasukuma sahani.

"Labda keki," Mama alikuwa amesema. "Keki nitajaribu."

Nyawira alifuata maelezo aliyotumiwa kwa simu na dada yake wa Ruiru. Unga gramu 250. Sukari gramu 150. Alichukua jagi la plastiki lenye mistari, akajaza unga hadi mstari wa 250. Akaoka kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko.

Keki ilifura, kisha ikabonyea katikati. Ndani ilinata mafuta.

"Hii ni ya pili kuharibika," alimwambia mumewe, Muigai. "Nimechoka. Wacha tu tununue mkate."

"Keti kwanza," Muigai alisema. "Nimwite Nzisa."

Nzisa, jirani yao, alifanya kazi ya kuoka mikate. Alikuja na mizani yake ndogo.

"Ulipima na nini?" aliuliza.

"Na hii jagi. Si imeandikwa 250 hapa?"

"Hizo ni mililita. Mililita hupima nafasi. Gramu hupima uzito. Kwa maji zinalingana. Kwa unga hapana, unga ni mwepesi."

Nzisa aliweka jagi tupu juu ya mizani, akabonyeza kitufe mpaka ikasoma sufuri. Nyawira akajaza unga hadi 250. Mizani ilisoma gramu 140.

"Haiya! Kumbe naweka karibu nusu!"

"Ndiyo. Unga kidogo, mafuta na mayai mengi. Keki haingeweza kusimama."

"Na sukari?"

"Sukari ni nzito kuliko unga. Kila kitu na kipimo chake."

"Lakini mimi sina mizani, Nzisa."

"Leo tutapima na yangu. Unga ukifika gramu 250, chora alama kwa jagi. Sukari nayo, alama yake. Siku nyingine utafuata hizo alama. Unga usiushindilie. Mimina na kijiko, usawazishe juu."

Waliongeza unga mpaka mizani ikasoma 250. Nyawira akachora alama, mbali juu ya ule mstari wa 250. Nzisa alivunja mayai. Nyawira alikoroga akiwa ameketi, kwa sababu miguu ilikataa.

Keki ilifura, ikabaki juu.

Jumapili, baada ya maombi, Mama alipewa kipande kidogo. Alitafuna polepole. Watu waliendelea kuongea. Nyawira alimtazama tu.

Mama alimaliza. Akaokota chembe kwa kidole.

"Imebaki?" aliuliza.

Nyawira alitaka kuinuka, lakini Muigai alikuwa ameshashika kisu.