Hodi Kutoka Majini

Fundi wa magari alipostaafu, aliuza nyumba akanunua boti. Yeye na mkewe mshonaji wakahamia humo, wakawa wanaambaa pwani, bandari hadi bandari. Ndugu walisema wamerukwa na akili. Wao walicheka tu. Kwa kuwa boti ndiyo nyumba yao, kila alipotoka kuogelea, fundi aligonga ubavu wa boti na kubisha, "Hodi wenyewe!" Mkewe hujibu, "Karibu!" Utani huo haukuchuja hata siku moja.

Mchana mmoja kamba ilijiviringisha kwenye propela. Fundi akazama na kisu kuikata. Mshonaji alikuwa chini chumbani, anakaanga vitunguu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akajibu bila kugeuka.

Nyayo zikashuka ngazi, kitanda kikalia kwa uzito wa mtu. Harufu ya vitunguu ikafa, ikaja ya tope bichi. Alitaka kumtania akaoge tena, ndipo ubavu wa boti ulipogongwa.

"Hodi wenyewe! Mke wangu, kamba imenikaza mguu. Njoo unishike mkono!"

Mwiko ukamponyoka. Nyuma yake, sauti ileile ikanong'ona, "Usimkaribishe. Huyo si mimi."

Akageuka. Alikuwa mumewe, na kovu lake la kidevuni, na tabasamu lake la upande. Akasimama pale kati ya sauti mbili anazozipenda, akitaka kukimbilia juu na akiogopa atakachokivuta, huku ile ya nje ikiita, ikiomba, ikikohoa maji, ikififia, mpaka pakawa kimya. Hapo ndipo alipotazama sakafu. Mtu aliyetoka baharini alikuwa mkavu kabisa.

Alipofika juu alikuta kisu kwenye ngazi ya kushukia majini. Mwenye kisu hayupo.

Mganga wa bandarini alilitoa lile jini kwa dua na moshi. Liliondoka likilia kwa sauti ya mumewe, na ilibidi watu wamshike mshonaji asilifuate.

"Usitamke tena neno 'karibu' ukiwa juu ya maji," mganga akamwonya.

Boti hakuihama. Mpwa wake, binti wa kaka yake, alipokwenda kumbembeleza arudi kwao, alimkuta ameketi kwenye ngazi, shati la mumewe mapajani, akiyaambia maji, "Karibu. Karibu. Karibu."

"Shangazi," akanong'ona, "jamani, si ulikatazwa? Unamkaribisha nani?"

Mshonaji hakugeuka.

"Yeyote."