Kaka Alishangilia Presha ya Mama Ikipanda

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, nalima ndizi na chai hapa Nkunga, wilayani Rungwe. Ndoa iliponishinda nilirudi nyumbani kumtunza mama, mgonjwa wa presha. Naandika haya nikiwa na hasira ambayo sijui niipeleke wapi...

Mama alikuwa anakunywa dawa vizuri. Wakimpima zahanati, presha inacheza kwenye mia na arobaini, tunamshukuru Mungu.

Ndipo kaka yangu Gwamaka, anayefanya kazi nje ya nchi, akaja likizo na mashine ya kupimia nyumbani. Akamfunga mama mkononi. Ikaandika kumi na tisa kwa kumi na mbili.

"Mnamuua mama!" akafoka. "Presha imeshuka mpaka kumi na tisa! Ni hizo dawa!"

Nikamwambia mtu wa presha hiyo angekuwa ameshazimia, na mama alikuwa amekaa palepale anamenya ndizi! Nikaomba tumpeleke hospitali Makandana. Akanicheka. "Kwani Atupele, udaktari umesomea wapi?"

Dawa akazifungia kwenye begi lake. Akaagiza mama apewe supu yenye chumvi nyingi, ipande. Chumvi, jamani!

Mama hakubisha. Mtoto wake wa kiume kasema, nani abishe? Alilalamika tu, "Atu mwanangu, kichwa kinagonga." Mashine ikafika ishirini na nne. Kaka akapiga makofi! "Umeona? Inarudi!"

Ilipofika ishirini na saba, mama alidondosha kikombe. Mdomo ukaenda upande...

Hospitali, Gwamaka alimpelekea nesi ile mashine, akarudi akaniachia mimi. Kwenye kikao cha ukoo akasimama, akasema mimi ndiye niliyezembea dawa za mama. Mashangazi wakanitazama kama mchawi. Nilijitetea mpaka sauti ikakauka. Nani alinisikiliza?

Ukweli niliupata kwa nesi yuleyule, aliponifundisha kumpima mama kwa mashine ileile. "Nilimweleza kaka yako," akasema. "Hii inasoma kilopaskali. Sisi tunatumia milimita za zebaki. Zidisha kwa saba na nusu." Kumi na tisa ile ilikuwa kama mia na arobaini na mbili. Mama alikuwa salama! Ishirini na saba ni zaidi ya mia mbili...

Kumbe alijua! Alijua, akanibebesha mimi! Nilimpigia simu. Akajibu, "Sasa ukiwaambia, mama ndiyo atatembea?" Akakata.

Niliwaambia hata hivyo. Wengine wameniamini, wengine wananiona namchafua kaka. Mama anavuta mguu, na kijiko namshikia mimi.

Nawasihi, ndugu zangu: kabla hujaamini namba, soma herufi ndogo pembeni yake. Usipozielewa, uliza hospitali. Na dawa za mgonjwa asizisimamishe mtu eti kwa sababu katoka mbali na sauti yake ni kubwa. Mimi, kaka aliponicheka, nilinyamaza kwa heshima... Wewe piga kelele!