Habari Iliyopitia Jikoni

Kila asubuhi mzee Onyiego wa Manga huchuma chai na mkewe, Kwamboka. Ni mzee wa mizaha. Lakini msimu mmoja alinyamaza, maana aliona damu kwenye choo chake. Kaka yake alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Onyiego alihofia kwamba sasa ni zamu yake.

Kwamboka alimsihi amwambie mkamwana wao, Celestine, aliye daktari mjini Kisii. Mzee alikataa katakata. Kwa Abagusii kuna chinsoni, yaani heshima na haya kati ya wakwe. Atazungumzaje habari za choo na mke wa mwanawe? Mkaidi kama huyu nani atamweza?

Kwamboka alimweza. Jumapili moja Celestine alipokuja kuwasalimia, mama mkwe alimweleza yote jikoni. Celestine hakwenda sebuleni alikokuwa mzee. Aliendelea kumenya ndizi, akapaza sauti kidogo, kana kwamba anaongea na mama mkwe tu. Upande wa pili wa ukuta, mzee alizima redio.

"Mama, mwili umejengwa kwa seli. Ndani ya seli kuna jeni. Jeni nyingine hutuma ujumbe: seli, acheni kuongezeka. Pia kuna vitu vidogo sana, vinaitwa mikroRNA. Kazi yao ni kupunguza ujumbe wa jeni. Vingine vikizidi kwenye utumbo, ule ujumbe wa kuacha haufiki. Jeni ni nzima, ila haisikiki. Seli zinaongezeka ovyo, uvimbe unaota, na mwishowe unaweza kuwa saratani."

Kwamboka aliuliza kama basi hakuna la kufanya. Celestine alisema wanasayansi bado wanavichunguza vitu hivyo. Lakini kipimo cha kamera ya utumbo kipo tayari. Uvimbe ukiondolewa mapema, hauwi saratani. Damu inaweza kuwa bawasiri tu, ila bila kupimwa hakuna ajuaye.

Kisha sauti ya mzee ikapita ukutani.

"Kwamboka, mwambie huyo daktari nitaenda."

Kamera ilionyesha uvimbe mdogo. Uliondolewa, ukapimwa. Haukuwa umegeuka saratani. Kwamboka alilia kwa furaha. Mzee aliambiwa arudi kuangaliwa tena, na ndugu zake nao wapimwe.

Sasa mizaha imerudi. Juzi, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, aliwaambia wanaume wenzake, "Ukiona damu chooni, sema. Ukiona haya, semea jikoni."

Wote walicheka. Wawili wakabaki nyuma ili waongee naye.