Mama Hajasafiri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia chumba cha mbele na kupangusa viti vya wateja. Mama yake alikuwa msusi, tena msusi wa kutajwa. Vidole vyake vilikwenda mbio huku akisimulia vichekesho, hata wateja wakasahau kwamba wanavutwa nywele. Jina la Chiriku alilitoa yeye, kwa kuwa binti yake alianza kupiga domo kabla hajajua kutembea.

Mtoto wa pili alipozaliwa, mambo yakageuka. Mama alijilaza ameelekea ukutani. Chakula alikigusagusa tu. Kichanga kikilia, alikitazama kama mtu anayesikia kilio cha nyumba ya jirani. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini, na kila alipopiga simu mama alimwambia ni uchovu tu, utapita.

Wateja waliokuta mlango umefungwa hawakukawia kunong'ona. Mmoja alisema msusi ameanza kuringa. Mwingine, aliyekuwa na binti darasa moja na Chiriku, alisema yule amerukwa na akili. Neno likafika shuleni, wenzake wakacheka, na Chiriku akatamani ardhi ipasuke immeze. Tangu hapo, kila aliyeulizia habari za mama yake alijibiwa kwamba amesafiri.

Alasiri moja alifika mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke wa makamo aliyezoea kupita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali waliojifungua. Alisema hakumwona mama siku ya chanjo ya mtoto.

"Mama yupo, mwanangu?"

Mama alikuwa nyuma ya pazia, amelala macho wazi.

"Amesafiri, shangazi. Amekwenda na mtoto kwa bibi."

Mhudumu alitupia jicho viatu vilivyokuwa mlangoni. Kisha akaacha ujumbe: mama akirudi afike kituo cha afya, hata kama hana maumivu yoyote, hata kama ni moyo tu uliochoka. Kuna muuguzi wa kuzungumza naye, wala hakuna atakayemcheka. Chiriku aliitikia kwa adabu, akafunga mlango. Ujumbe ule hakuufikisha.

Siku zikapita, mama akazidi kudidimia. Mchana mmoja Chiriku alirudi kutoka shule, akasikia kilio cha mtoto tangu nje. Sauti ilikuwa imekauka. Alimkuta peke yake kitandani, nguo zimelowa, na mama hayupo. Alimbeba, akatoka mbio. Fundi viatu wa kona alimwambia amemwona mama akielekea barabara kuu, miguu mitupu, na alipomsalimu hakuitikia.

Chiriku hakusimama mpaka kituo cha afya.

"Shangazi," alimwambia mhudumu, pumzi zikimpaa, "mama hajasafiri. Hakusafiri kabisa."

Alipomweleza alichosema fundi viatu, wakatoka mbio. Walimkuta mama ameketi kando ya barabara, malori yakimpita karibu mno. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ameondoka ili mtoto apate mlezi bora kuliko yeye. Mhudumu aliketi naye vumbini, akamshika mkono, na baadaye wakaenda wote kwa muuguzi.

Muuguzi alieleza kwamba mama anaumwa sonona, ambayo huwapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Si uvivu, si majivuno, wala si laana. Inatibika kwa mazungumzo, mapumziko, msaada wa nyumbani na wakati mwingine dawa. Baba alikatiza safari, bibi akaja kulea mtoto, na mama akajiunga na kundi la wanawake waliopitia hali ileile. Nafuu ilikuja polepole, leo hatua mbele, kesho nusu nyuma. Alipopata nguvu, alisimama kwenye mkutano wa wazazi shuleni akaeleza yaliyomkuta. Yule mteja aliyemwita mwendawazimu aliinamisha kichwa, na mkutano ulipokwisha alimfuata kumuuliza kuhusu mdogo wake, ambaye siku hizi hatoki chumbani.

Lakini si kila kitu kilirudi kwa siku moja. Mhudumu alipokuja kuwatembelea, mama alimpokea mtoto kutoka kwa bibi. Mtoto alilia, akanyoosha mikono kumrudia bibi. Mama alitabasamu, kisha akageuza uso. Chiriku alitoka nje akalia. Mhudumu alimfuata.

"Ningekwambia ukweli siku ile, mtoto angemjua mama yake," Chiriku alisema.

"Ni kweli, mama yako angetibiwa mapema. Sitakudanganya. Lakini mimi niliviona viatu vyake mlangoni, nikaondoka. Na mtaa mzima uliona, ukacheka. Mzigo huu si wako peke yako, mwanangu. Akili huugua kama mwili unavyougua, na aibu ndiyo inayochelewesha tiba. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ukimwona mtu amebadilika, mwambie mtu mzima unayemwamini. Asiposikia, mwambie mwingine."

Chiriku alifuta machozi, akarudi ndani. Mtoto alikuwa bado analia, na mama bado amempakata, akimwimbia kwa sauti isiyo na uhakika. Chiriku aliketi kando yake, wakasubiri pamoja mtoto atulie.